Mitumbwi ya Ngozi Mbichi

Siku lori lilipomwaga ngozi uani kwa Jamil, pale Nalufenya mjini Jinja, kaloli walifika kabla ya majirani. Walishuka mmoja mmoja, ndege wakubwa wenye vipara na mfuko wa nyama unaoning'inia shingoni, wakajipanga juu ya ukuta kama wateja. Jamil aliwarushia mawe. Waliruka kidogo, wakarudi palepale.

Mkewe, Hajarah, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alivuta pumzi mara moja tu, akajiziba pua kwa ushungi.

"Baba Magidu, umeleta nini?"

"Ngozi za kazi ya afande."

"Hizo si ngozi. Hiyo ni mizoga isiyo na nyama."

Jamil mwenyewe alikuwa akipumulia mdomoni, na hata hivyo uvundo ulimfika ulimini, mzito, mtamu kidogo, na utamu huo ndio uliomtia kinyaa zaidi. Ngozi zilikuwa zimepakwa chumvi harakaharaka na kukunjwa zikiwa na damu. Alipokunjua ya kwanza, mabuu yalimwagika miguuni pake kama wali uliopinduliwa.

Jamil alikuwa fundi wa turubai. Alishona viti vya magari, mahema, na vifuniko vya malori. Katika ujana wake aliajiriwa na klabu ya mashua kando ya ziwa, Wahindi na Wazungu walikokuwa wakienda kupiga makasia Jumapili. Mwanachama mmoja, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, alikuwa na mtumbwi mwembamba ambao Jamil hakuwahi kuuona mfano wake: mifupa ya mbao iliyofungwa kwa kamba, ikavikwa turubai lililopakwa rangi, na juu yake tundu moja tu la mtu kukaa. Mtu aliweza kuubeba begani kama kitanda cha kamba. Siku ulipochanika mwambani, Jamil ndiye aliyepewa kazi ya kuuvua na kuuvika upya, na kwa kuuvua akajua jinsi ulivyoumbwa. Mwaka wa sabini na mbili yule Mhindi alifukuzwa nchini pamoja na wenzake. Mtumbwi wake uliishia kuwa kuni za askari. Umbo lake lilibaki kichwani mwa Jamil.

Vita vilipita, vikaja vingine. Kufikia mwaka wa themanini na sita kazi ya turubai ilikuwa imekauka kabisa, maana malori yaliyobaki yalikuwa ya jeshi. Hapo ndipo alipomwambia rafiki yake Yekosofati habari za ule mtumbwi. Yekosofati alikuwa seremala, Mgisu wa kutoka juu ya Mbale, aliyewahi kufundisha wafungwa useremala gerezani mpaka mishahara ilipokoma. Mbao hazikupatikana, lakini kwao mlimani mianzi ilikuwa tele. Alikuwa akiileta kwa mafungu juu ya paa la taksi. Aliipasua, akaipitisha juu ya moto mpaka ikatoa jasho, kisha akaipinda polepole kwenye goti huku akiisemesha kwa Kigisu, mpaka ikawa mbavu.

Jamil alichora mtumbwi kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake kamili. Hajarah na watoto wakawa wanauruka kila wakienda chumbani. Wa kwanza waliufanya mwembamba kama ule wa Mhindi, na ulimpindua Yekosofati mara tu alipokaa. Wakaupanua, wakaufungua juu, wakaongeza fito mbili chini ili usiyumbe. Viungo walivifunga kwa nyuzi walizochuna ndani ya matairi mabovu, bila msumari hata mmoja. Waliuvika hema kuukuu na kulipaka rangi ya mafuta. Wavuvi wa ng'ambo waliwacheka, wakauingia kwa mzaha, na mwishowe wakataka wa kwao.

Ndipo alipowaona Afande Semei. Alikuwa kapteni, mtu mnene wa uso laini, mwenye tabia ya kugusa vitu vya watu bila kuomba. Aliusukuma mtumbwi kwa buti.

"Hii kitu, watu mbili naweza beba?"

"Hata mmoja, afande," alisema Jamil.

"Na askari ngapi nakaa ndani?"

"Wanne. Watano wakiwa wembamba."

"Mimi nataka kama hii kumi. Ya kupita kwa kinamasi huko juu. Barabara iko na bomu."

Jamil alimwambia turubai hakuna, hata la kufunika kuku. Kapteni alikwisha kulifikiria hilo. "Ngozi iko. Enda Mbale kwa Haji Umaru. Lori yangu nabeba."

Kumkatalia kapteni mwaka ule hakukuwa jambo la mtu mwenye watoto. Tena Jamil alimjua Haji Umaru kwa sifa. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, mtu wa safu ya mbele msikitini. Walipoonana alimuuliza jambo moja tu, kama wanyama walichinjwa kwa sheria. Ngozi ingekuwa mbichi, isiyopita kiwandani, na Jamil alitaka kujua mikono yake inashika nini. Haji aliweka kiganja kifuani.

"Kila ng'ombe amesomewa bismillahi, fundi. Fanya kazi yako."

Wakafanya kazi. Waliloweka ngozi katika mapipa mpaka zikawa telezi kama kambare. Wakazitandika juu ya gogo na kuzikwangua kwa upande butu wa panga. Mafuta yenye ukungu wa kijani yakawa yanawang'ang'ania vidoleni. Kila ngozi ilivutwa ikiwa imelowa juu ya mifupa ya mianzi, ikashonwa kwa mshono wa kukunja mara mbili, na ilipokauka juani ilijikaza mpaka ukiigonga inalia kama ngoma. Kisha waliipaka shahamu iliyochanganywa na lami ya barabarani, ya moto. Moshi wake ulikwenda kukaa ndani ya magodoro ya majirani.

Hajarah alimtengea Jamil sahani yake, kikombe chake, na mkeka uani. "Ukioga mara tatu njoo mlangoni nikunuse," alisema, na hakuwa akitania. Mara nyingi alimnusa akamrudisha. Jamil alianza kushindwa kula kwa mkono. Akileta tonge mdomoni aliona mabuu, hata kama ni matoke. Mbwa wa mtaa mzima walihamia kwenye ua wake. Asubuhi moja walimkuta kenge mrefu kama mtu, katoka mtoni, kang'ang'ania mtumbwi wa tatu kwa meno na kuutikisa. Yekosofati alicheka mpaka akakaa chini. Jamil hakuona la kuchekesha. Aliona kwamba mnyama yule alijua vizuri kuliko wao kile kilichokuwa pale. Hakikuwa chombo, kilikuwa chakula kilichooza.

Kulikuwa na matundu. Karibu kila ngozi ilikuwa na tundu dogo la mviringo, moja au mawili, mengine ubavuni, mengine karibu na shingo. Jamil aliyaziba kwa viraka vidogo, akashona pembeni, akapaka lami. Yekosofati alisema ni kupe. Jamil alisema labda ni kisu cha mchunaji asiyejua kazi. Hawakuliongea tena.

Siku ya majaribio kapteni alikuja na askari wake mpaka ufukweni, chini ya mji, mahali ambapo ziwa linaanza kujivuta na kuwa mto. Waliujaza mtumbwi mawe mpaka maji yakabaki shubiri moja kufika ukingoni. Haukuvuja. Waliupindua, ukaelea kifudifudi. Askari wanne waliingia na makafi, wakazunguka, wakarudi kwa kasi, wakaugongesha kwenye jiwe kwa makusudi, na mbavu za Yekosofati zilibonyea na kurudi mahali pake. Kwa fundi yeyote ile ingekuwa siku ya furaha, na kwa muda mfupi Jamil aliisikia furaha hiyo.

Lakini waliuacha majini kutwa nzima, kama alivyotaka yeye mwenyewe, kuona ngozi itastahimili kiasi gani. Jioni ilikuwa imelegea katikati ya mbavu kama tumbo la mzee. Shahamu ilikuwa imetoa ute mweupe, na visamaki vidogo vilikuwa vimejaa chini vikiunyonya. Askari mmoja alipotoka, suruali yake ilikuwa na ute huo mpaka magotini. Akaguna, akaanza kujifuta kwa majani.

"Lazima ianikwe kila siku, afande," alisema Jamil. "La sivyo itaoza."

"Siku moja natosha," alisema kapteni. "Kazi yetu ni ya siku moja moja tu." Akaupapasa mtumbwi, akanusa vidole vyake, akacheka. "Inanuka! Lakini maji haina pua. Maliza yote, wiki ijayo nabeba."

Kulikuwa na mwanamke jirani, Santa, mke wa polisi, wa kabila la Lango kutoka kaskazini. Mafundi walimwita Mama Night kwa jina la bintiye. Aliwauzia chai na chapati kila asubuhi, ila tangu ngozi zije aliwaachia birika nje ya ukuta na kuwaita. Kutoka kwao kaskazini alikuwa amepata habari moja tu: wenye bunduki walikuja, ng'ombe wote wakaenda, na baba yake hajulikani alipo. Wenye bunduki gani, hakuna aliyeweza kumwambia. Walikuwa wa kila namna.

Asubuhi baada ya majaribio aliita, hakuna aliyesikia kwa sababu ya nyundo, akaingia mwenyewe na birika. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa ikianikwa. Alipita wa kwanza, akapita wa pili huku amejiziba pua. Kwenye wa tatu alisimama. Aliweka birika chini, akaipangusa lami kwa ncha ya leso. Chini yake kulikuwa na chapa ya moto ya zamani: duara lenye mistari iliyopishana ndani.

"Baba Magidu. Hii natoka wapi?"

"Mbale, Mama Night. Kwa muuza ngozi."

"Hii ni ya baba yangu."

Jamil alidhani hakumwelewa. Santa alipitisha kidole kwenye duara.

"Hii ni gurudumu. Baba ni fundi baiskeli. Hii chuma nakunja yeye mwenyewe, kwa moto, mimi nilikuwa nashika tochi. Kwetu hakuna mtu ingine iko na alama hii." Kidole chake kilishuka, kikasimama juu ya kiraka. "Na hapa? Hapa wewe naziba nini?"

"Tundu."

"Tundu ya nini?"

Santa alimgeukia, sauti yake ikiwa chini kabisa.

"Fundi, nani nachinja ng'ombe na bunduki?"

Aliondoka bila birika lake. Jamil alichukua kisu, akabandua kiraka kile, kisha kingine, kisha akaenda kwenye mtumbwi wa pili na wa nne. Matundu yote yalikuwa sawa, safi upande mmoja, yaliyochanika upande wa pili. Aliyashona yote kwa mkono wake, kwa umakini, na kwa muda wote huo hakutaka kujua. Ng'ombe aliyepigwa risasi akaanguka hana bismillahi. Ni nyamafu, na ngozi ya nyamafu isiyodabighiwa, yaani isiyolainishwa kwa dawa, ni najisi. Alikuwa ameilowesha, ameikumbatia, ameitia meno akikata uzi, kisha akatawadha na kusimama mbele ya Mungu na uchafu ule kwenye nguo na chini ya kucha.

Alishuka mtoni akiwa na nguo zake, akajisugua kwa mchanga mpaka ngozi ya mikono ikachubuka.

Kesho yake alipanda taksi kwenda Mbale. Ghala la Haji Umaru lilikuwa nyuma ya soko, nyumba ndefu ya mabati yenye inzi wengi kiasi kwamba ukuta wake ulionekana unatembea. Ndani ngozi zilirundikwa mpaka kwenye paa, na chini ya rundo maji meusi yalitiririka kwenda kwenye mfereji wa barabara. Haji alikuwa amekaa mlangoni penyewe, juu ya mkeka, na sinia ya wali na nyama mbele yake. Inzi walitoka kwenye ngozi wakatua kwenye nyama, wakarudi kwenye ngozi. Haji alikuwa akiwapunga kwa mkono wa kushoto bila kuwatazama.

"Karibu chakula, fundi. Nawa."

"Nimeshiba, Haji. Uliniambia wamesomewa bismillahi."

"Nami niliambiwa hivyo."

"Na nani?"

"Na dereva."

"Dereva wa lori ndiye shahidi wako? Ngozi zina matundu ya risasi."

Haji alichagua mfupa, akaugonga kwenye ukingo wa sinia, akaufyonza uboho. "Risasi ni tundu dogo. Ukiliziba halionekani. Nilisikia ulifanya kazi nzuri."

"Ni nyamafu! Nimeswali na najisi mwilini."

"Wewe umeswali nayo," alisema Haji kwa upole. "Mimi nina vijana wa kubeba, sigusi." Akalamba vidole, kimoja baada ya kingine. "Kaa chini, Jamil. Usipige kelele barabarani. Wenye mali hawapo, ng'ombe wamekufa, ngozi ingeoza porini iliwe na fisi. Sasa imekuwa riziki yangu na yako. Kosa liko wapi?"

"Lori lililozileta hapa ni la nani?"

Haji alimtazama kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza jua huenda wapi. "Unamtengenezea nani mitumbwi?"

Jamil alihisi mate yamemjaa kinywani.

"Ng'ombe wa nchi kavu wamekwisha huko," aliendelea Haji. "Waliobaki, watu wamewaficha katikati ya kinamasi, kwenye visiwa vya mafunjo. Lori halifiki, mtu kwa miguu anazama. Ulifikiri afande anataka kuvua samaki? Maliza kazi. Mwezi ujao nitakuwa na ngozi nzuri kuliko hizi, mbichi kabisa." Akasukuma sinia mbele. "Kula hata tonge moja, umetoka mbali."

Kwenye wali kulikuwa na kipande cha ini, na juu ya ini inzi wawili wamepandana. Jamil alitoka. Alifika kwenye mfereji akainama, akatapika chai, akatapika maji, akatapika mpaka hakuna kitu, na alipofumbua macho aliona anatapikia maji yaleyale meusi yanayotoka ghalani. Mama mmoja aliyekuwa akiuza malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa, kando ya barabara alimletea maji ya kusukutua. "Pole, ssebo," alisema. "Watu wengi hutapika hapa."

Aliporudi Jinja alimwambia Yekosofati kila kitu. Yekosofati alisikiliza huku akichonga kafi.

"Sisi ni mafundi tu," alisema mwishowe. "Tumeagizwa mitumbwi, tumetengeneza mitumbwi."

"Nimekwenda kuuliza, nimejibiwa. Sasa siwezi kusema sijui."

"Na afande? Utamwambia nini afande?"

"Kwamba zimeoza."

"Atakuua."

"Labda. Mimi hii takataka siigusi tena ila kuitoa."

Akachukua kisu, akakata mshono wa mtumbwi wa kwanza. Ngozi ilipoachana na mianzi ilitoa sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Upande wa ndani, pale ilipobanwa na mbavu, mabuu yalikuwa yamejipanga mistari minene, na mianzi ya mlimani, iliyokuwa ya dhahabu ilipofika, ilikuwa imegeuka nyeusi. Kwa hasira Jamil alikata vibaya, kisu kikapasua ufito. Hapo Yekosofati alitupa kafi.

"Utaniharibia mbavu zangu. Lete kisu hicho, wewe shika."

Walivua mitumbwi yote. Yekosofati alikuwa na shamba dogo la ndizi Mafubira. Wakachimba shimo kule, wakapeleka ngozi kwa mkokoteni wakiwa wamejifunga vitambaa puani, huku watu barabarani wakiwapisha na kutema mate. Santa alikuja pamoja na bintiye. Alipekua rundo kwa mikono mitupu, akazitoa zenye gurudumu, akazikunja vizuri moja moja, kama mtu anavyokunja mablanketi ya wageni, akazitia shimoni mwenyewe. Akasema majina kwa lugha yake. Night alimnong'oneza Jamil kwamba ni majina ya ng'ombe. Kisha Santa alitema mate pembeni, akamwambia Jamil, "Funika," na hakumwambia asante wala pole.

Kapteni alipokuja kuchukua mali yake alikuta mifupa ya mianzi imesimama uani, mitupu. Aliizunguka yote.

"Ngozi iko wapi?"

"Imeoza, afande. Tumeizika."

"Nani nakubalia wewe?"

"Ilikuwa nyamafu, afande. Ng'ombe walipigwa risasi."

Uso ule laini haukubadilika. "Wewe ni fundi ao ni sheikh?" Akampiga kofi, kisha akawaonyesha askari wake kwa kidevu. Walimtupa garini kifudifudi. Yekosofati hakuguswa, kwa sababu alisimama nyuma ya pipa na kusema haelewi Kiswahili.

Jamil alifungiwa ndani ya stoo ya kambi pamoja na magunia ya unga uliochacha. Walimchapa viboko nyayoni. Walimnyima maji ya kutawadha, na hilo lilimuuma zaidi, maana harufu ya ngozi ilikuwa bado mwilini mwake na joto la stoo liliifufua kila mchana. Hajarah alimletea chakula getini, askari wakakila mbele yake. Siku moja kapteni alihamishwa, aliyechukua nafasi yake hakujua mtu yule kafungiwa nini, wakamfungulia. Hajarah alimpokea mlangoni. Alimvuta, akamnusa shingoni kama zamani, na safari hii hakumrudisha nje, ingawa alinuka kuliko wakati wowote.

Kuzizika ngozi hakukusaidia kitu. Santa alisikia baadaye kwamba askari walinyang'anya wavuvi mitumbwi ya mbao wakavuka nayo, na visiwani hakukubaki hata ndama.

Miaka ilipita, bunduki huko juu zikapungua, kisha zikanyamaza. Watu walianza kutoka katika kambi za wakimbizi. Mahema ya misaada yalianza kuuzwa sokoni Jinja kwa bei ya kutupa, na Jamil akashona tena. Yekosofati aliikwangua ile mianzi iliyofaa, mingine akaleta mipya. Mtumbwi mmoja Jamil aliupeleka mwenyewe kwa lori mpaka kwao Santa, maana baba yake alikuwa amepatikana akiwa hai na alitaka kuvusha watu kinamasini. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na baiskeli za kutengeneza hazikuwepo. Alikuwa mzee mfupi, mkali. Hakuuliza kama utaelea. Aliinama akaunusa mtumbwi wote, kutoka pua mpaka tezi ya nyuma, na Jamil alisimama akingoja huku uso unamwaka. Mzee aliingia, akachukua kafi, akaenda kuujaribu.

Kisha Wazungu walianza kuja Jinja kucheza kwenye maporomoko ya mto. Siku moja gari safi liliingia uani Nalufenya, akashuka mtu mnene mwenye shati la maua na marashi mengi. Jamil alimtambua kabla hajavua miwani.

"Fundi! Bado uko!" alisema Semei kwa furaha ya kweli. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kidogo. "Sisi mimi na wewe tulifanya kazi pamoja wakati wa vita, si unakumbuka? Sasa mimi niko na kampuni. Wageni wanataka boti kama ile, ya kizamani, ya mkono. Wanalipa vizuri. Hata ya ngozi wanapenda." Akanyoosha mkono.

Jamil aliutazama. Ulikuwa mkono msafi, kucha zimekatwa, saa ya dhahabu. Hakuushika.

"Siwezi, bwana."

"Mwaka ujao?"

"Hata mwaka ujao."

"Lakini kwa nini?"

"Kwa sababu nikikuona nataka kutapika."

Semei alicheka kwa nguvu, akamgonga begani, akaangalia huku na huku kama anatafuta mtu mwingine wa kucheka naye. Kofi na stoo alikuwa amevisahau kweli. Hakukuwa na kitu nyuma ya macho yale. Aliweka kadi yake juu ya meza ya kazi, akaingia garini, akaondoka huku akipunga mkono.

Marashi yake yalibaki uani. Yekosofati alikuwa amekaa karibu na moto wake, na mwanzi gotini. Baada ya muda aliinuka, akaichukua ile kadi, akaifuta kwenye suruali, akaitia mfuko wa shati. Hakumtazama mwenzake.

"Watoto wangu wako shule, Jamil," alisema.

Jamil alimsikia. Alirudi kwenye mshono wake, akavuta uzi mpaka turubai likakaza, na mate yaliyomjaa kinywani akayameza.